Milango ya Mninga Isiyokauka

Mwavita mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa mama zako wadogo, na mimi nimesingizia kichwa kinauma ili nibaki nyumbani na kalamu. Kichwa changu kizima kabisa. Barua hii nitakupa kesho jioni pale kituoni, na nitakuapisha usiifungue mpaka garimoshi lipite Uvinza. Ungeisoma hapa nyumbani ungesema huondoki tena, na mimi nataka uondoke ukawe mwalimu. Hasira hii ni yangu, sitaki ikukalishe Mwandiga.

Mambo ya kula, kuvaa, kuswali na kuficha hela, bibi yako amekwisha kukujaza masikio. Mimi nataka kukueleza habari za milango.

Unajua watu wanasema nini juu yangu. Wanasema niliiroga nyumba yetu ya zamani ya Katubuka, kule Kigoma mjini. Uliwahi kuniuliza, ukiwa umesimama palepale mlangoni na macho yamekuvimba: "Mama, ni kweli?" Nikacheka nikasema waache waogope. Siku zile watu wa Gungu walikuwa wamerudisha maneno kwamba kijana wao hawezi tena kukuoa, ana masomo. Masomo gani, yule anauza betri za redio? Waliogopa kuoa kwa mchawi. Na mimi nilicheka, mwanangu. Ulikaa bila kunisemesha, na nikajifanya sioni. Sasa nakujibu swali lako.

Nyumba ya Katubuka aliijenga baba yako. Kiwanja alipewa kwa mdomo na babu yako, kama viwanja vingi vilivyotolewa wakati ule. Ukuta mafundi wengine walisaidia, lakini milango ya ndani hakumwachia mtu. Mbao za mninga alikuwa akizileta moja moja kutoka kwenye karakana alikofanya kazi, anazipiga randa uani, mimi nafagia maranda na kupikia. Majirani walikuwa wakimcheka. Katubuka nzima vyumbani watu walitundika pazia, yeye Ramadhani anataka mlango mpaka chumba cha mtoto. Akasema pazia halimzuii mtu mwenye haja ya kuingia.

Vanishi hatukuwa na uwezo nayo. Basi nikafanya alivyokuwa akifanya mama yangu kwa vyombo vyake vya mbao: nikachukua mawese, nikayapasha moto kidogo mpaka yawe maji, nikachovya kitambaa, nikasugua mlango hadi ukawa mwekundu wa kupendeza. Kila Idd nilirudia. Ulipoanza kutembea nikakupa kitambaa chako, mimi nasugua juu, wewe unasugua chini, tunakutana kwenye kitasa. Nguo zako zote za Idd zilikuwa na doa la mawese, na baba yako hakuwahi kukugombeza. Mlango mmoja tu haukupakwa, ule wa chumba cha nyuma. Huo aliutengeneza akiwa ameshaanza kuugua, na akaniambia niuache mweupe, atakuja kuumalizia mwenyewe kwa kitu kizuri. Hakuumalizia. Alifia ndani ya chumba hicho.

Sasa nikueleze kosa langu, maana hili ndilo ninalotaka ukae nalo kwenye garimoshi. Alipoona ugonjwa haumwachii, baba yako aliniambia: "Niitie mwenyekiti wa mtaa na wazee, kiwanja hiki kiandikwe jina lako na la mtoto." Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Utamkosea kaka yako. Sudi atafikiri hatumwamini." Niliogopa kuonekana mwanamke mwenye tamaa, anayegombea nyumba wakati mume bado anapumua. Nilitaka kusifiwa ustaarabu. Nikasifiwa kweli! Msibani kila mtu alisema Zaituni ni mwanamke mstaarabu. Na nilikuwa sijamaliza eda baba yako mkubwa Sudi alipokuja na vijana na mkokoteni, akasema nyumba ni yake, sisi alitukaribisha tu baba yako alipoanza kuugua, kwa hiyo tujitayarishe. Mwanamke yuko edani, amekaa ndani, anatolewa vyombo nje! Wewe ulikuwa umeshika sufuria ya wali kichwani unauliza tunahamia wapi.

Nilimshitaki. Mbele ya wazee Sudi akasema nyumba kaimalizia yeye, na ushahidi ni ile milango, kainunua mwenyewe, mipya, baada ya mdogo wake kufariki. Milango ya baba yako! Nikatazama majirani. Mmoja akawa anakuna goti, mwingine akasema ni muda mrefu, hakumbuki vizuri. Wazee wale walikuwa wamekula pilau kwa Sudi siku iliyotangulia. Tukaja Mwandiga kwa bibi yako, nikaanza kuuza mawese sokoni.

Sijamsamehe. Usiniombe nimsamehe. Kila nilipokuwa nikipima mawese nilikuwa nikimwona yeye ndani ya pipa.

Halafu watu wakaanza kuvuka ziwa kutoka Burundi, wakikimbia vita. Unakumbuka mwenyewe, ulikuwa umeshakuwa mkubwa: wanatua Kagunga na watoto migongoni na godoro kichwani, wengine wanapita hapa barabarani kwenye malori wakipelekwa kambini, na sisi tunawapa maji. Nyuma yao zikaja gari nyeupe zenye bendera, za mashirika ya misaada, na wenye gari wakawa wanatafuta nyumba. Kila mwenye nyumba mjini akapata wazimu. Watu walifukuza wapangaji waliokaa nao miaka ili waweke vigae na masinki. Wenzao wanalala chini ya turubai la plastiki, wao wanagombania rangi ya ukuta. Sudi alikuwa wa mbele.

Siku moja akasimamisha gari mbele ya meza yangu ya mawese. Nyuma ya gari yalikuwa makopo ya vanishi, na kando yake alikaa Nestori, yule fundi Mrundi aliyekuja kwenye wimbi la zamani la wakimbizi, aliyeoa hapahapa Mwandiga. Sudi akashuka na vipande viwili vya mbao, kimoja kimepakwa vanishi ya kung'aa, kingine ile iliyopoa, isiyong'aa. Hakuja kutaka ushauri. Alikuja nimwone.

"Shemeji," akasema bila salamu, "nimepata wapangaji wazungu. Wanataka milango ya ndani ipendeze. Wewe jicho unalo. Ipi hapa?"

Nestori akashuka naye, akavua kofia, akanisalimu kwa Kirundi. "Amahoro, Mama. Samahani. Milango ile imewahi kupakwa kitu? Naona mbao nyeusi-nyeusi, na mkono ukigusa unateleza."

Nilifungua mdomo. Mungu ananiona, ningemwambia. Mimi ni mke wa seremala, najua kwamba mbao iliyokunywa mawese haishiki vanishi mpaka uisafishe kwa thina, uianike, uipige msasa, urudie tena na tena hadi kitambaa kitoke kikavu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Sudi akaangua kicheko, soko zima likageuka.

"Unamuuliza huyu? Huyu alikuwa mgeni tu pale! Milango ni mipya, nimenunua mwenyewe. Wewe paka."

Nikafunga mdomo. Nikafuta mikono, nikachukua kipande cha kung'aa nikakigeuza juani kama mtu anayejua. Ile isiyong'aa huficha kasoro nyingi za mbao. Ya kung'aa haifichi kitu, doa dogo tu linaonekana toka ukumbini.

"Mgeni atajua wapi habari za milango, shemeji," nikasema. "Lakini kwa watu wakubwa kama wako, mimi ningechagua hii. Na msiibanie. Pakeni nzito, juu ya nzito, inoge."

"Umesikia?" akamwambia Nestori. Akaondoka na furaha zake.

Mwanzoni ilipendeza, nisidanganye. Waliopita walisema milango inang'aa unaweza kuchania nywele. Wapangaji wakaingia. Kisha joto likaanza, na mawese ya miaka yote ile yakaanza kupanda. Ukishika mlango unabaki na alama ya kiganja. Pazia likigusa linanasa. Mbu walinasa. Asubuhi moja mama mmoja wa kizungu aliamka, mlango umegandana na fremu, akapiga kelele hadi mlinzi akaja kuusukuma kwa bega, na vanishi ikachunika vipande virefu kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mlinzi yule ni mtu wa hapa Mwandiga, alinieleza yote na nikampa chupa ya mawese bure.

Sudi akamwamuru Nestori arudie. Ikawa vilevile. Akanunua rangi nyeupe ya mafuta, akasema basi tufunike kabisa. Baada ya muda mfupi nyeupe ikaanza kutoa madoa ya njano, halafu ya machungwa. Wapangaji wakafunga mizigo wakahamia nyumba ya mtu mwingine, wakaja wengine, nao wakaondoka. Na mlango wa chumba cha nyuma, uliopakwa na fundi yuleyule kutoka kopo lilelile, ulikauka ukawa kama kioo. Hapo ndipo watu walipoanza kunong'ona. Chumba alichofia Ramadhani ndicho pekee kilichokubali. Basi ni mjane, kafanya mambo.

Nilipika pilau siku ile. Ulikula ukauliza kuna sikukuu gani.

Sikumkanushia mtu. Sudi alipita sokoni akawa hanitazami usoni. Mkewe alivuka barabara akiniona. Sudi akaleta mganga, wakachinja, wakafukiza, milango ikaendelea kunata. Na mimi nilipokuwa nikipita Katubuka nilikuwa nasimama kidogo mbele ya nyumba, naangalia tu, halafu naenda zangu, ili mradi wapate cha kusema. Roho yangu ilikuwa kwatu. Mtu aliyedhulumiwa hadi akaonekana si kitu, siku akianza kuogopwa anahisi amerudishiwa kiti chake. Nililewa nayo. Sikufikiri kwamba woga ule utakuja kukaa mlangoni kwako, wewe, siku unaposubiri wachumba. Watu wa Gungu wamenifundisha hilo, na naungama kwako kwamba nilichelewa kujifunza.

Nestori ndiye aliyegundua, na hakugundua kwa uganga. Alijaribu kupiga msasa kona ya mlango wa ukumbini, msasa ukaziba kwa uji wa machungwa, akaunusa. Akaja hapa na kile kipande cha msasa mkononi.

"Mama, ile milango umeinywesha nini?"

"Mawese," nikasema. "Kila Idd, tangu ilipotundikwa."

"Mana yanje!" Akamwita Mungu wake kwa Kirundi, akakaa chini. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaukunja ule msasa. "Mama, na mimi nimeumia. Sudi alininyima ujira wangu. Kasema nimemharibia, kasema nikifungua mdomo atanitupa kambini, wakati mimi nina watoto waliozaliwa hapa."

Hilo lilinichoma. Nilitaka mchubuo umpate Sudi, umempata na mtu aliyenivulia kofia. Nikamwomba radhi, na toka siku ile kila mwenye mlango anayekuja kununua mawese kwangu namwelekeza kwa Nestori. Tukakubaliana tunyamaze, kila mmoja kwa sababu yake.

Sasa sababu ya kuandika leo. Mlinzi kaniletea habari kwamba mganga mpya amemwambia Sudi uchawi uko ndani ya mbao zenyewe. Kwa hiyo wiki hii ataing'oa milango yote na kuichoma moto uani, kisha aweke mingine ya dukani. Milango ya baba yako, Mwavita. Niliposikia nilikaa chini sokoni kwenye vumbi. Ndipo akili ikanijia. Sudi aliwaambia wazee milango ile ni mipya, kainunua mwenyewe. Ikiwa ni mipya, mawese yaliyozama hadi katikati ya mbao yametoka wapi? Hayazami hivyo kwa kupaka mara moja. Yanataka Idd nyingi, na mtu aliyeishi pale anayasugua. Kila alichokiita uchawi ni ushahidi wangu, na yeye anataka kuuchoma kwa mkono wake bila kujua ni nini.

Mwenyekiti siku hizi ni mwingine, mtu wa kuhamia kutoka Rukwa, hana pilau ya mtu tumboni. Nimekwenda kwake. Nimemwambia naomba kesi ya nyumba isikilizwe upya, na kikao kikae palepale Katubuka, ukumbini, mbele ya milango. Amekubali, kikao ni keshokutwa asubuhi, na Sudi ameshaitwa na kuambiwa asiguse kitu hadi hapo. Nestori naye amesema atakuja. Mkewe alimkataza, nikamsikia nikiwa uani kwao: "Ukipelekwa kambini nitakula nini?" Akamjibu, "Ego, ndiyo, najua. Lakini nimechoka kuitwa fundi mbovu."

Sudi atakuja na shati lake jeupe, atadhani nakwenda kulia. Nitamwachia aongee kwanza. Nitamwomba arudie mbele ya watu kwamba milango ni mipya, hajawahi kuipaka mtu kabla yake. Atarudia, maana ni mjeuri na hajawahi kuulizwa. Kisha Nestori atapitisha randa kwenye ubavu wa mlango, ile sehemu inayokaa kwenye fremu, na watu wote watanusa. Nitamtazama usoni. Nimesubiri kumtazama usoni toka ulipobeba sufuria ile, na sitakwambia kwamba nakwenda kwa ajili ya haki peke yake. Nakwenda kumwaibisha. Nataka ajue kwamba ningemsaidia siku ile sokoni, neno moja tu, lakini alinifunga mdomo kwa uongo wake mwenyewe.

Najua pia ninachokitoa. Nikishaonyesha mawese, hakuna mchawi tena. Hatavuka mtu barabara akiniona. Nikishindwa, nitarudi kuwa Zaituni muuza mawese, asiye na nyumba wala wa kumwogopa, na Sudi atanicheka mpaka azikwe. Niliwaza kunyamaza, nimwache ateseke, hata milango ya dukani aione inanata kwa wasiwasi wake. Lakini ukienda huko chuoni na jina la mtoto wa mchawi, nitakuwa nimemlipa Sudi kwa kukutoa wewe. Hapana. Hanilipishi hata hicho.

Ndiyo maana nimengoja uondoke. Sitaki ukae kwenye benchi siku hiyo watu wakikutazama. Na usiteremke kwenye kituo chochote kurudi. Nakujua.

Nasaha zangu ni chache, nitakwambia kama ninavyokwambia jikoni. Kilicho chako kidai mapema, mbele ya watu, hata wakikuita mwenye tamaa. Mtu akikusema uongo ukaona una faida ndani yake, faidi kidogo uache, usije ukazoea. Na ukipenda mtu, mwangalie anavyomjibu fundi wake. Mengine utajifunza kwa makosa yako mwenyewe, nami nitayasikiliza bila kucheka, nakuahidi.

Bibi yako anauliza naandika nini siku nzima. Nimemwambia orodha ya viungo.

Ukifika chuoni watakuuliza kwenu ni wapi. Usiseme Mwandiga, kwa bibi. Matokeo ya kikao utakuwa huyajui bado, sema hivyohivyo. Sema kwetu Katubuka, baba yangu alijenga. Sema kwa sauti, wasikie na walio mbali, maana huko hakukosi mtu wa Kigoma, na nataka amfikishie Sudi.

Mama yako,
Zaituni